UZI: Kijana wa miaka 16 anakana hata kilicho mbele ya macho yake. Anadanganya, au anaamini?

1. FundiShabab (Nakuru)
Hamjambo, wazazi wenzangu. Nina kijana wa miaka 16, yuko kidato cha tatu katika shule ya kutwa, na sasa tuko naye nyumbani kwa mapumziko ya Agosti. Sina malalamiko ya ulevi wala wizi. Kinachonikosesha usingizi ni kwamba hakuna kazi anayopewa ikafanyika, na ukimwuliza sababu, hakuna jambo atakalolikubali.

Nitatoa mfano mmoja. Mtaani kwetu maji ya mfereji huja kwa zamu, na siku ya zamu yetu yeye ndiye anayejaza pipa na mitungi, kwa kuwa mimi ninashinda kwenye karakana ya kuchomelea vyuma na mama yake anashinda sokoni. Juzi nilirudi jioni nikakuta pipa kavu na mitungi imelala ubavu palepale nilipoiacha asubuhi. Nilipomwuliza, alinijibu kwa utulivu kabisa kwamba maji hayakuja. Jirani tunayepakana naye ukuta alikuwa ameanika nguo kamba mbili, zingali zinadondoka, na udongo chini ya kamba ulikuwa umelowa hadi mlangoni petu. Nikamwonyesha. Akazitazama nguo, akayatazama matope, akasema, "Hayo ni maji waliyoyaweka tangu wiki iliyopita." Hakutetemeka wala hakuinamisha macho.

Shuleni ni vilevile. Alileta alama 31 kwa 100 za hisabati, na kwa maelezo yake mwalimu ndiye aliyesahihisha vibaya. Tena masomo hayamsumbui sana, kwa sababu anasema atacheza kandanda Ulaya, ilhali hajaonekana uwanjani tangu Krismasi.

Siulizi kuhusu adhabu. Nauliza hivi: mtoto wa namna hii anadanganya huku akiujua ukweli, au amefika mahali pa kuyaamini anayoyasema? Mimi nadai kwamba anaamini, na hilo ndilo linaloniogofya.

2. MamaTatu (Kondele, Kisumu)
Pole, Baba. Anajua. Wote wanajua. Binti yangu wa miaka 15 aliniapia kwamba hakuigusa nyama ya sufuriani, na mchuzi ulikuwa ungali kidevuni. Lakini mwulize nani alivunja kikombe gani mwaka 2022, naye atakutajia mmoja mmoja, siku na saa, isipokuwa kile chake mwenyewe. Mtu anayeyaona makosa ya wenzake kwa usahihi huo hana tatizo la kuona. Anza na simu. Iko wapi usiku?

3. MwalimuWaChavakali (Vihiga)
FundiShabab, swali lako limeacha nafasi mbili tu, ya kudanganya na ya kuamini, ilhali mimi hukutana na ya tatu mara nyingi zaidi. Mtoto anatoa jibu lolote litakaloyakata mazungumzo, na wala hajali kama utaliamini. Nimewahi kumwuliza mwanafunzi mbona hakufanya zoezi, akaniambia amelifanya, na daftari liko wazi mezani mbele yetu sote wawili, jeupe. Hakuwa akijaribu kunihadaa, kwa maana hakuna mtu ambaye angehadaika. Alitaka tu nipite niende dawati la pili.

Mara nyingi nyuma ya hayo nimekuta aibu. Na darasa hili la kidato cha tatu lina mzigo wake, ambao sisi watu wazima hatuutaji mbele yao. Hawa ndio waliofanya KCPE, mtihani wa darasa la nane, ya mwisho mwaka 2023, na KCSE yao ya kidato cha nne mwaka 2027 imepangwa kuwa ya mwisho katika mfumo wa 8-4-4, ule wa miaka minane ya msingi, minne ya sekondari na minne ya chuo. Nyuma yao kuna wadogo zao wa mtaala mpya. Zamani aliyeteleza alirudia kidato, lakini wao hawana darasa la kurudia. Kijana anayeliona hilo na kuogopa anaweza kuona ni nafuu kusema kwamba atacheza Ulaya.

Una ile karatasi ya majibu ya hisabati, au una ripoti tu?

4. KukaWaChwele (Bungoma)
Nawasalimu wote. Nyinyi mnatafuta mbali. Sisi Wabukusu hutahiri Agosti ya mwaka unaogawanyika kwa mbili. Kijana mwenyewe alizunguka na njuga kuwaalika wajomba na shangazi, na alfajiri ya siku yenyewe akapakwa tope la mtoni, akarudi nyumbani akiimbiwa, akasimama uani bila kupepesa jicho huku ukoo wote unamtazama. Aliyesimama mbele ya kisu hana nafasi ya kusema kisu hakikuja. Baada ya hapo alifunzwa kauli ya mtu mzima ni ipi na nyumba inamdai nini.

Leo mnampeleka zahanati mwezi wa Desemba, anakaa wiki mbili akiangalia filamu, anatoka akiitwa mwanamume. Nani alimfunza? FundiShabab, huyu wako alitahiriwa vipi?

5. JaDunga (Kisumu)
Kuka, shikamoo. Sisi Wajaluo jadi yetu ilikuwa kung'oa meno sita ya chini, na tohara ya hiari ya hospitalini ilianza kuenezwa Nyanza mwaka 2008. Kwa hesabu yako, babu zangu wote waliukana ukweli hadi 2008.

Kwa upande wangu naona tatizo ni malazi. Kwetu kijana akibalehe hujengewa simba yake, yaani kibanda chake cha kulala, uani, na tangu siku hiyo hakuna anayejua analala saa ngapi wala anashinda na nani. Ilikuwa salama wakati babu naye aliishi uani humo humo na kijana alikula chakula cha jioni pamoja na wanaume. Kaka yangu alimjengea mwanawe simba ya mabati, ikawekwa umeme na kufuli la ndani, sasa huwasiliana naye kwa kugonga dirisha. FundiShabab, wako analala wapi?

6. KukaWaChwele (Bungoma)
Marahaba, JaDunga. Aliyeng'olewa meno sita akiwa macho naye hakuweza kusema hayakung'oka. Umeniunga mkono bila kutaka.

7. FundiShabab (Nakuru)
Nashukuru kwa michango. Kuka, alitahiriwa Desemba baada ya darasa la nane, pamoja na wavulana wenzake wa kanisani, na walikaa na mshauri kwa muda wa juma moja. JaDunga, nyumba yetu ni ya vyumba viwili, kwa hiyo analala sebuleni, ingawa mimi nikishalala sijui yeye analala saa ngapi. MamaTatu, hana simu yake mwenyewe, hutumia ya mama yake ikifika usiku. Mwalimu, nina ripoti tu. Karatasi yenyewe nitaiulizia.

Kuhusu hiyo aibu, ninapata shida kuikubali. Mtu mwenye aibu huinamisha macho.

8. MuuguziAhero (Kisumu)
Naomba niongeze upande wa afya, bila kudai kwamba ndio wote.

Sehemu ya mbele ya ubongo, inayohusika na kupanga mambo, kuyapima matokeo na kujizuia, huendelea kukomaa hadi miaka ya ishirini na kitu. Hiyo haimwondolei kijana wajibu, ila inaeleza kwa nini "nitajaza baadaye" inaweza kuwa ahadi ya kweli inapotamkwa na ikapotea baada ya nusu saa. Pia saa ya usingizi ya mwili husogea mbele wakati wa kubalehe, hivyo usingizi humjia usiku zaidi kuliko alipokuwa mdogo, ilhali anahitaji kati ya saa nane na kumi kila usiku. Ukimpa na simu ya mama, hesabu haiwezi kutimia.

Jambo ninalotaka ulichunguze ni lile la uwanja. Kijana aliyependa kandanda akaacha kwenda, halafu akabaki kuizungumzia tu, anastahili kuulizwa kwa upole. Sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito, kwa vijana haiji kila mara na machozi. Kwa wengine huja kama hasira, uvivu, kujitenga na kutojali. Je, anakula kama kawaida? Ana marafiki bado? Kama majibu yanakutia wasiwasi, mpeleke kwa mshauri nasaha wa hospitali ya karibu. Iko pia namba ya bure ya msaada kwa watoto, 116, ambayo hata mzazi anaweza kuipiga.

9. PikipikiKanduyi (Bungoma)
Ubongo, saa ya mwili, sonona! Mimi nikiwa na miaka 16 nilikuwa ninasukuma mkokoteni wa maji kabla ya jua kuchomoza, na hakuna aliyeniuliza kama nimefikisha saa nane za usingizi. Kijana huyu ni mvivu, na mvivu hutibiwa kwa fimbo tatu na kulala bila chakula. Baada ya hapo atayaona maji hata yakiwa bado ziwani.

10. SheriaKwanza (Kakamega)
Rekebisho kwa mchango wa 9, kabla mtu hajaufuata. Ibara ya 29 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inamlinda kila mtu dhidi ya ukatili wa aina yoyote, uwe wa serikali au wa mtu binafsi, na inataja adhabu ya viboko kwa jina. Shuleni, Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 imeipiga marufuku. Nayo Ibara ya 53 inasema malezi ni haki ya mtoto na ni wajibu wa baba na mama kwa usawa, wawe wameoana au la, na chakula na hifadhi zimo katika haki hizo. Kumnyima mtoto chakula ili kumrudi si malezi mbele ya sheria. Mnyime simu, hiyo haimo katika Katiba.

11. PikipikiKanduyi (Bungoma)
Basi Katiba ije ijaze pipa.

12. MamaTatu (Kondele, Kisumu)
PikipikiKanduyi, wewe uliyechapwa sana, ulipokuwa na miaka 16 hukumdanganya mama yako hata siku moja?

13. MamaMumias (Kakamega)
Nimesoma kimya kimya, lakini swali la mwanzo limenigusa. Kijana wangu alikuwa na miaka 17 nilipompa shilingi 4,500 za karo alizobakiza muhula. Akasema amelipa, na risiti imebaki kwa karani. Juma lililofuata karani alikuwa mgonjwa. Baadaye risiti ilikuwa imeandikwa jina la mwanafunzi mwingine. Kila nilipomkabili alikuwa na maelezo kamili, na uso mkavu kama huo anaousema FundiShabab.

Fedha zilikuwa zimeingia kwenye kamari ya simu. Sheria inataka mchezaji awe ametimiza miaka 18, lakini laini ilisajiliwa kwa jina la mjomba wake, na simu haimtazami mtu usoni. Siku mambo yalipofichuka, nilimwuliza kwa nini alinidanganya miezi miwili. Aliniambia hakuwa akidanganya, kwa sababu angezishinda zote na kuzilipa kabla sijajua. Alikuwa anaamini. Kwake fedha zile hazikupotea, zilikuwa zimechelewa tu. Kwa hiyo mimi niko na FundiShabab: yako mazingira ambamo kijana huyaamini anayoyasema. Angalia ile simu ya mama inafanya nini usiku.

14. MwanafunziNjoro (Nakuru)
Samahani wazee wangu, mimi ni mdogo, nina miaka 19, lakini naona hapa hakuna aliyetoka upande wa pili wa swali. Baba yangu alikuwa na desturi ya kuuliza jambo ambalo jibu lake analo tayari. Anasikia ng'ombe wanalia zizini, ananiuliza, "Umewalisha?" Swali la namna hiyo halitafuti habari, linatafuta mtu wa kukamata. Nikisema hapana, napata hotuba kuhusu mambo yote tangu darasa la tano. Nikisema ndiyo, napata hotuba ileile pamoja na neno "mwongo". Tofauti kati ya mbili hizo ilikuwa ndogo, na ile "ndiyo" ilininunulia dakika mbili za kutoka nje.

FundiShabab, siku ile hukuhitaji kumwuliza chochote. Pipa lilikuwa kavu. Ungemwambia, "Pipa ni kavu na hakuna maji ya kupikia, chukua mitungi uyatafute."

15. MamaTatu (Kondele, Kisumu)
Kwa hiyo sasa tuzungumze na watoto wetu kwa uangalifu kama tunaongea na hakimu? Lakini nitaijaribu hiyo kesho.

16. JiraniWaKaptembwo (Nakuru)
Nimechelewa, ila naomba kuuliza jambo kuhusu mchango wa 1 ambalo watu wa mbali hawawezi kulijua. Pande zetu hizi, maji yakifunguliwa, walio chini huyapata kwanza. Wakiisha kujaza matangi yao ndipo presha inapanda kwa walio juu, na mara nyingine haipandi kabisa. Nimekaa ploti ambamo zamu ilipita mara kadhaa bila mfereji wetu kutoa zaidi ya kukohoa hewa, huku ng'ambo ya barabara watu wanaosha magari. FundiShabab, ploti yenu iko juu au chini? Na jirani huyo mwenye nguo mbichi ana tangi?

17. MwalimuWaChavakali (Vihiga)
Swali la JiraniWaKaptembwo ndilo zito kuliko yote humu. Tumeandika kurasa nzima kuhusu ubongo na kisu kabla ya kuuliza kama maji yalikuja.

18. FundiShabab (Nakuru)
Ploti yetu iko katikati ya mteremko. Jirani ana tangi la lita 1,000, hilo ni kweli, lakini jirani wa upande wa pili hana tangi na mitungi yake ilikuwa imejaa. Maji yalikuja. Mimi nimekaa ploti hii tangu kijana akiwa darasa la pili.

19. JaDunga (Kisumu)
Mitungi ya jirani wa pili ilijazwa na mfereji au na mwenye mkokoteni? Uliuliza?

20. FundiShabab (Nakuru)
JaDunga, unamtetea mtu usiyemjua. Hata tukiondoa maji, kuna kandanda na kuna hisabati.

21. MuuguziAhero (Kisumu)
Hatumtetei, Baba. Ila ikiwa siku mojawapo alisema kweli akahesabiwa mwongo, siku inayofuata hana sababu ya kujitaabisha.

22. FundiShabab (Nakuru)
Nimerudi na jambo la karatasi. Nilimwomba akaitoa chini ya godoro bila ubishi, jambo lililonishangaza kidogo. Shule yao hujibu kwenye fulskepu na si kwenye karatasi ya maswali. Sehemu ya kwanza amejaribu karibu maswali yote, na alama zote 31 zimetoka humo. Sehemu ya pili hakuna kitu, hata namba ya swali hakuandika. Nilimwuliza kwa nini, akaniambia kwamba sehemu ya pili haikuwamo kwenye karatasi yake. Si ndiyo hiyo hadithi ya maji?

23. MwalimuWaChavakali (Vihiga)
Ngoja kidogo. Karatasi ya hisabati ya mtindo wa KCSE ina sehemu mbili. Ya kwanza ina maswali 16 ya lazima yenye jumla ya alama 50. Ya pili ina maswali manane, mwanafunzi anachagua matano, kila moja alama kumi. Kama alama 31 zote ni za sehemu ya kwanza, basi amepata 31 kwa 50, na huyo si mtoto mbumbumbu wa hisabati. Wengi darasani mwake huenda hawafikishi hizo katika sehemu hiyo.

Sasa kwa nini aache alama 50 bila hata kugusa? Karatasi za shule hupigwa chapa na kubanwa kwa mkono, na kurasa kukosekana hutokea. Lakini mtoto aliyekosa kurasa huinua mkono, na msimamizi humpa nyingine. Ama hakuinua, ama hazikukosekana.

24. MuuguziAhero (Kisumu)
Au alilala. Mtihani huo ni wa saa mbili na nusu, na huyu anayetumia simu usiku huamka saa kumi na moja kwenda shule ya kutwa.

25. MamaMumias (Kakamega)
Au alitoka mapema kwa sababu kulikuwa na mechi. Samahani, mimi sasa ninaona kamari kila mahali.

26. KukaWaChwele (Bungoma)
Mtoto asiyeinua mkono kudai haki yake hajafunzwa kusimama. Nilisema.

27. PikipikiKanduyi (Bungoma)
Kurasa zilikuwamo.

28. MwalimuWaChavakali (Vihiga)
FundiShabab, karatasi yake ya maswali ikipatikana utahesabu kurasa mwenyewe, na nyingi huandikwa jaladani idadi ya kurasa. Shule ikifunguliwa, mwone mwalimu wa hisabati, siyo wa darasa, na umwulize msimamizi alikuwa nani.

29. FundiShabab (Nakuru)
Ya maswali anasema alimwazima rafiki yake anayekaa mtaa wa pili. Nilitaka kuifuata mwenyewe, lakini nimekumbuka mchango wa 14, kwa hiyo nimemwambia tu kwamba ninaihitaji nyumbani leo, bila swali lolote. Ameondoka saa kumi na moja jioni. Kwa huyo rafiki ni mwendo wa dakika tano. Sasa inakaribia saa moja.

30. PikipikiKanduyi (Bungoma)
Atarudi akisema rafiki hakuwapo.

31. MamaTatu (Kondele, Kisumu)
Na huenda kweli hakuwapo.